Daftari la Fundi wa Shauri Moyo

Daftari lenyewe ni la shule, kurasa 96, jedwali la kuzidisha limepigwa chapa kwenye jalada la nyuma. Nililipata mwaka 2009, wiki tatu baada ya kumzika fundi aliyemlea mdogo wangu kikazi. Mwanawe alikuwa akipangua sanduku la bati ambamo marehemu alifungia nyundo zake za thamani. Aliponiona nimeleta chakula cha mchana, alinikabidhi akasema, "Mwalimu, hii ni yenu."

Nilidhani ni madeni. Madeni yamo kweli: nani amechukua bati ngapi, nani hajamaliza kulipia sanduku la mtoto anayeingia kidato cha kwanza. Lakini kila Jumamosi, siku ya malipo, kuna mstari mmoja wa mdogo wangu, na baada ya idadi na shilingi kuna maneno machache, kwa mwandiko wa mtu aliyeishia darasa la nne. "Mikebe 14, sh 28. Hataki kukaa karibu na wapiga mapipa." "Mikebe 17, sh 34. Ukisema baadaye haelewi. Sema saa ngapi." "Mikebe 9. Kiti kilisogezwa. Kirudishwe." "Amekataa koti jipya. Asilazimishwe."

Mimi nilifundisha miaka 26, na 17 kati ya hiyo ilikuwa katika kitengo maalumu cha shule ya msingi huku huku Eastlands, Nairobi. Tangu nistaafu nazunguka Gikomba, Kariobangi na Buruburu nikiwatafutia kazi vijana wenye usonji, halafu narudi tena na tena kuona kama bado wapo. Watu huniuliza nilisomea wapi shughuli hii. Nilisoma mengi KISE, ile taasisi ya elimu maalumu iliyoanzishwa Kasarani mwaka 1986, na elimu ile naishukuru. Ila njia yenyewe niliiona Shauri Moyo, kabla sijajua hata jina la hali ya mdogo wangu. Wengi walioiishi njia hiyo wameshazikwa, na mimi mwenyewe si kijana tena, ndiyo maana naiandika.

Tulizaliwa Makongeni, nyumba za reli. Baba alitoka Kitui enzi za ukoloni akaingia karakana ya reli, na aliingia kwa kushikwa mkono. Ndivyo kazi zilivyopatikana. Mjomba wake alisimama mbele ya nyapara akasema, huyu ni wangu, na neno hilo likawa dhamana: kijana akiiba au akitoroka, aibu ilimrudia aliyemleta. Baba naye, akishakomaa kazini, aliwashika mkono vijana wawili wa kijijini kwao. Hata mitaa yetu ilipangwa kufuata kazi. Makongeni na Muthurwa zilikuwa za reli. Kaloleni ilijengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya familia za wafanyakazi Waafrika, wakati ambapo serikali ilikuwa imezoea kumhesabu Mwafrika wa Nairobi kama mwanamume mseja mwenye kitanda kimoja. Pumwani ilikuwepo kabla yao. Ukimwuliza mtu anakaa wapi, ulikuwa karibu kujua nani alimleta mjini.

Mdogo wangu alizaliwa mwaka 1965. Hakusema neno hadi alipokaribia miaka saba, na aliposema, alisema taarifa ya habari ya Sauti ya Kenya, nzima, kwa sauti ya mtangazaji. Mchana kutwa alipanga vifuniko vya soda barazani, vyekundu kwa vyekundu, vya chungwa kwa vya chungwa, na mtu akipita akavivuruga alilia mpaka usiku. Shule ilimrudisha nyumbani akiwa darasa la pili. Majirani walisema amefungwa. Mama alimpeleka kwa maombi, akampeleka kwa mganga, akampeleka hospitali moja ambako alipewa dawa ya kumlaza. Alilala siku tatu. Alipoamka alivitafuta vifuniko vyake.

Huko Baltimore, Marekani, daktari Leo Kanner alikuwa amekwisha kuieleza hali hii mwaka 1943, akiandika juu ya watoto 11. Na hata Afrika ilishafikiwa: mtafiti Victor Lotter alitembelea miji 9 katika nchi 6 za bara letu, Kenya ikiwamo, akichapisha matokeo mwaka 1978. Niliposoma jambo hilo nikiwa mtu mzima niliiweka ile karatasi chini nikatoka nje kupunga hewa. Lotter aliwatafuta watoto hao katika taasisi za watoto wenye ulemavu wa akili. Mdogo wangu hakuwa kwenye taasisi yoyote. Alikuwa barazani Makongeni na vifuniko vyake, na hakuna mtafiti ambaye angepita pale.

Serikali haikuwa imelala kabisa. Mwaka 1964, uhuru bado mbichi, kamati ya Ngala Mwendwa ilichunguza namna ya kuwatunza na kuwafunza kazi walemavu. Waraka wa bunge wa mwaka 1968 ukafuata. Na kuanzia 1971 vikafunguliwa vituo vya mafunzo ya ufundi, Nairobi na mikoani. Vilikuwa vituo vya maana. Lakini viliwafikiria zaidi watu wenye ulemavu wa viungo. Kijana mwenye mikono miwili mizima, macho mazima, ambaye hawezi tu kuvumilia kiti chake kisogezwe, huyo hakuwa na fomu yake.

Baba alikuwa na tumaini moja, reli. Alidhani siku moja atamshika mkono mwanawe angalau afagie karakana. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, shirika la reli la pamoja likagawanyika, na mwaka uliofuata Kenya ikaunda lake. Wanaume wa Makongeni walikaa barazani usiku wakinong'ona nani atabaki. Katika hali hiyo baba hakuthubutu hata kumtaja mtoto. Alistaafu akiwa na jambo hilo kifuani.

Aliyefungua mlango ni mama, na hakujua kwamba anafungua mlango. Alikuwa akipeleka chai na mandazi kwa mafundi wa Shauri Moyo na Kamukunji. Mwaka 1981 mdogo wangu alikuwa na miaka 16, tayari mrefu kumshinda baba, na kwa kuwa hakuweza kuachwa peke yake alibeba birika.

Kamukunji ya wakati ule haikuwa na paa. Mafundi walikaa juani, ndipo jina jua kali lilipotoka, na kila mmoja mbele yake alikuwa na kipande cha reli kuukuu, hicho ndicho fuawe. Pipa la mafuta hupasuliwa, hunyooshwa kwa nyundo, hukatwa, hukunjwa, likawa karai, jiko, koroboi, sanduku la shule. Kenneth King, aliyewaandikia kitabu mafundi hawa mwaka 1977, alifuatilia namna ujuzi ulivyotoka kwenye karakana za Wahindi: kijana aliajiriwa huko, akaiba kazi kwa macho, akatoka akafungua chake juani, akafundisha wengine. Shirika la Kazi Duniani lilikuwa limeitangazia dunia mwaka 1972, katika ripoti yake juu ya Kenya, kwamba watu hawa ni wazalishaji hasa na hawastahili kuhesabiwa kama wazururaji. Kanjo, askari wa baraza la jiji, hawakuisoma ripoti hiyo. Walikuja na malori, wakachukua bati, mafundi wakakimbilia mtoni, wakarudi jioni.

Lililonivutia mimi ni namna kazi ilivyofundishwa. Mzazi alileta kijana, akakubaliana ada na fundi, kijana akaketi. Hakuulizwa aeleze ndoto zake. Hakuna aliyemtaka amtazame mtu machoni. Alitazama mikono. Baada ya siku kadhaa alipewa hatua moja tu ya kazi, pengine kunyoosha bati, na angeirudia hiyo hiyo mpaka fundi aache kuikagua. Ndipo hupewa ya pili. Miaka mingi baadaye, nikiwa KISE, nilisoma habari za Mmarekani Marc Gold, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliwafundisha watu waliodhaniwa hawafundishiki kuunga breki ya baiskeli ya vipande 15, kwa kuigawa kazi hatua kwa hatua na kupunguza maneno. Wenzangu darasani walishangaa. Mimi niliona jua, reli, na mzee mmoja aliyevaa aproni ya ngozi.

Mzee huyo alitengeneza majiko ya bati, yale ya zamani ambayo husemekana yalikuja na Wahindi waliojenga reli. Ndani ya jiko la bati hukaa kichujio, bamba lenye matundu ambamo majivu hudondoka. Mwanafunzi wa fundi alikuwa akitoboa matundu hayo ovyo. Mama akiwa anamimina chai, mdogo wangu aliliweka birika chini, akachukua patasi na nyundo, akatoboa matundu yaliyobaki kwa mistari iliyonyooka kama vifuniko vya barazani. Mama aliruka kumzuia. Fundi akamwambia, "Mama, wacha."

Miaka minne alitoboa vichujio. Kila bamba matundu idadi ile ile. Kazi ilifika kwake ikiwa bamba tupu, ikaondoka ikiwa na matundu, na mtu mwingine akaifunga kwenye jiko. Alikuwa na kiti chake, kreti ya soda iliyogeuzwa, upande wa ukuta ambapo kelele za wapiga mapipa zilipungua. Saa nne chai, saa saba ugali, saa kumi na moja kwenda nyumbani kwa miguu kupitia Landhies Road. Mwaka wa pili alianza kuwasalimu watu. Salamu moja, kwa watu wawili tu, lakini mama alikuja nyumbani akalia.

Halafu likaja jiko jipya. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu wa nishati, Max Kinyanjui miongoni mwao, walichukua wazo la jiko la ndoo la Thailand, wakalibadilisha pamoja na mafundi wetu: bati nje, udongo wa kuchoma ndani, kiuno chembamba katikati. Halili makaa mengi, nalo limepikia Nairobi tangu wakati huo mpaka leo. Ni ushindi mkubwa wa Shauri Moyo, nami najivunia. Lakini katika jiko hilo matundu yako kwenye udongo, na udongo hutobolewa na mfinyanzi. Kufikia mwaka 1985 oda za vichujio vya bati zilikuwa zimekauka.

Asubuhi ya kwanza isiyo na bamba, mdogo wangu aliketi kwenye kreti yake mpaka saa kumi na moja. Ya pili vile vile. Ya tatu alijipiga kichwa ukutani. Fundi alimpa kufunga ribiti, akakataa. Akampa brashi ya rangi, akaitupa. Mafundi wa jirani walimshauri amrudishe kwa mama yake, na hawakusema kwa ubaya, kwani kila aliyekaa pale alikuwa na watoto wa kulisha. Wengine wangefanya hivyo siku hiyo hiyo. Yeye alikwenda nyumbani akafikiri. Kwenye daftari wiki hiyo ameandika: "Yeye hataki jiko. Anataka tundu. Nani ananunua tundu?"

Sijawahi kusoma swali la ajira lililoulizwa vizuri kuliko hilo.

Alipata jibu Wakulima Market, kwa wauza miche. Mkebe wa kumwagilia maji una kichwa chenye matundu madogo mengi, na matundu yakikaa ovyo maji hutiririka upande mmoja. Fundi hakuwahi kutengeneza mikebe. Alijifunza, akiwa na miaka hamsini na kitu, ili kijana mmoja apate matundu ya kutoboa. Baadaye mikebe hiyo ilimletea fedha kuliko majiko, hilo nalo limo daftarini, lakini wakati anaanza hakujua.

Novemba mwaka huo rais Moi alifika Kamukunji, akawaona mafundi wanavyochomwa na jua, akaahidi vibanda. Vibanda vikajengwa, na baadaye, mwaka 1988, ikaundwa wizara ya mafunzo ya kiufundi iliyobeba mambo ya jua kali. Watu wazima wa pale hukumbuka siku hiyo kwa furaha. Nyumbani kwetu tunakumbuka kwamba vibanda vilipogawanywa, kiti cha mdogo wangu kilipaswa kuhamia safu nyingine, na fundi alibadilishana nafasi na mwenzake, akachukua ya nyuma isiyoonwa na wateja, ili ukuta ubaki upande ule ule.

Nisiufanye utamaduni huu wa kushikwa mkono kuwa mtakatifu. Hatua chache kutoka kwa fundi wetu, kijana mwingine mkimya alibeba mapipa miaka sita kwa chakula tu, na alipougua hakuna aliyemtafuta. Anayeshikwa mkono huwa pia mkononi mwa mtu. Mdogo wangu hakuwahi kuwa na akiba ya uzeeni wala bima, na sikio lake la kulia halisikii tena. Wasichana hawakushikwa mkono kabisa. Niliwafundisha wasichana ambao kaka zao wangepata angalau kreti ya kukalia, nao walifungiwa ndani Dandora na Kayole mpaka utu uzima, wazazi wakiogopa, na hofu hiyo haikuwa ya bure. Kelele za Kamukunji nazo ni adhabu kwa vijana wengi wa aina yake. Mmoja nilimpeleka huko mwaka 2012, nikijivunia historia yetu, akaziba masikio, akakimbia hadi soko la Burma. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimemtafutia kazi ya mdogo wangu badala ya kazi yake.

Jina la hali ya mdogo wangu lilitufikia mwaka 2003. Mwaka huo wazazi wakiongozwa na Felicity Ngungu walianzisha chama cha usonji cha Kenya, na kitengo kikafunguliwa katika shule ya City Primary, Ngara, mwendo mfupi kutoka kwetu. Mwaka huo huo bunge likapitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Nilikwenda Ngara, nikaona watoto wakipanga vitu kwa mistari, nikarudi Makongeni nikamweleza mama, ambaye wakati huo alikuwa ajuza, kwamba kuna jina, na watoto wako wengi duniani, na huzaliwa hivyo. Alinyamaza kitambo. "Kwa hivyo hakuna aliyemroga." Akaorodhesha kwa majina majirani watatu aliowashuku kwa miaka thelathini, wawili wao wakiwa marehemu, na Jumapili iliyofuata alikwenda kwa yule aliye hai na kilo mbili za sukari.

Tangu hapo karatasi zimeongezeka. Sheria ya 2003 ilizungumzia asilimia 5 ya nafasi za kazi. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, ikarudia asilimia 5 katika vyombo vya umma. Sheria mpya iliyotiwa saini Mei 2025 inawadai waajiri wenye wafanyakazi 20 au zaidi watenge asilimia hiyo hiyo. Naziunga mkono sheria zote hizi, na nimeziweka kwenye mkoba wangu zikiwa zimekunjwa, kwani kuna mabosi ambao bila karatasi hawakupi kiti. Ila asilimia huhesabu vichwa. Mwajiri akishatakiwa atimize idadi, humchukua mlemavu ambaye hatamlazimisha kubadilisha chochote. Katika sensa ya 2019 watu 918,270 wa miaka mitano na zaidi walihesabiwa kuwa na ulemavu, kwa kuulizwa juu ya kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana. Ualbino uliulizwa peke yake, usonji haukuulizwa. Vijana wangu wametawanyika humo ndani bila jina.

Na wale watoto wa vitengo walikua. Hilo ndilo lililotushtua walimu. Tulikuwa tumepigania waingie shuleni, na siku moja tukawa na wanaume wenye ndevu kwenye madawati ya darasa la nne, kwa sababu nje ya geti hapakuwa na mahali pa kwenda. Mzazi mmoja wa Umoja alinisihi nimwache mwanawe arudie mwaka wa tisa mfululizo. Nilimwacha. Kisha nikaanza kutembea.

Nilianza na Gikomba, kwenye mitumba, kwa kuwa palikuwa na kazi ya macho. Beli likifunguliwa, nguo huchambuliwa haraka: kamera, zile za kwanza kabisa ambazo wauzaji wa maduka hugombania alfajiri, kisha za daraja la pili, mpaka fagia, zinazouzwa kwa rundo chini. Anayechambua vibaya humtia hasara mwenye beli. Kijana mmoja wa Buruburu, ambaye mama yake aliniambia kazi yake pekee nyumbani ni kukunja na kukunjua mashati, aliweza kuiona kasoro ya mshono kwa kupitisha kidole. Tulifanya safari ya matatu namba 58 pamoja mara 19 kabla hajaenda peke yake. Alikariri vituo vya Jogoo Road kwa sauti, Hamza, Maringo, Kaloleni, City Stadium, na makanga wakazoea kumjibu.

Juni 2018 Gikomba iliungua usiku, watu 15 wakafa. Kibanda cha mama aliyemwajiri kikaisha chote. Yeye alikuwa hospitalini na jamaa yake, sisi wengine tulikuwa tunahesabu hasara, hakuna aliyemkumbuka kijana. Asubuhi alipanda 58, akashuka, akatembea mpaka pale. Walimkuta saa kumi jioni amesimama juu ya majivu, mahali hasa palipokuwa meza yake. Siku iliyofuata akaenda tena. Siku ya tatu nilikwenda mimi, nikamchukulia gunia la nguo kuukuu kutoka nyumbani kwangu, tukaketi kwenye matofali, akachambua. Mwenye kibanda alipotuona alikaa nasi. Baadaye alisema hakuwa na nia ya kurudi sokoni, lakini angemwambiaje huyu asije?

Desemba mwaka huo huo matatu zilifukuzwa ghafla katikati ya mji, na mji mzima ukatembea kwa miguu. Amri ilirudishwa haraka, watu wakasahau. Kijana wetu alikaa nyumbani wiki mbili. Makanga alikuwa amewashusha sehemu isiyo na jina katika orodha yake. Kupata kazi huchukua siku moja. Kuiweka ndiko kuliko na kazi, nayo hupotea kwa vitu vidogo ambavyo mwajiri hawezi hata kuvikumbuka: kituo kimehamishwa, bosi amenyoa ndevu, mwenzake ameacha kazi bila kuaga, mtu amesema "nakuja sasa hivi" akaja baada ya saa mbili.

Mtoto wa kwanza katika karatasi ya Kanner, Donald Triplett, alizaliwa mwaka 1933 katika mji mdogo wa Forest, Mississippi. Alifanya kazi benki utu uzima wake wote, akacheza gofu, akasafiri nchi nyingi, akafa mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Familia yake ilikuwa na hisa katika benki ile, na mji mzima ulimjua. Nako Denmark, mwaka 2004, baba wa mtoto mwenye usonji, Thorkil Sonne, alianzisha kampuni ya Specialisterne inayowaajiri watu kama hao kukagua programu za kompyuta. Wazazi wa mitaa yetu wanaosikia habari za Denmark huniuliza kama watoto wao watafunzwa kompyuta. Wanaoipenda, ndiyo, nami huwatafutia. Lakini nikiisoma habari ya Donald naona zaidi ile benki ya kifamilia: mtu wake alikuwa ndani, akasema huyu ni wangu.

Mdogo wangu aliacha kazi mwaka 2020, wakati wa kafyu ya korona, macho yakiwa yamechoka. Mwana wa fundi alituletea ile kreti nyumbani. Iko barazani, na yeye huiketia kila siku kuanzia saa mbili hadi saa kumi na moja.

Wiki iliyopita nilikuwa kwa mama mmoja mwenye dobi la mashine Buruburu. Nina msichana wa miaka 23 kutoka Umoja, anayependa sana kupanga soksi, na hapo kuna soksi. Tulipatana saa, kiti, mlango usiobamizwa. Halafu akaniuliza, "Sasa Mwalimu, siku ya kwanza atanifanyia nini?" Nikatoa daftari, nikamfungulia ukurasa wa kwanza, ambao wino wake umegeuka rangi ya chai. Umeandikwa tarehe, jina la mdogo wangu limekosewa herufi, na chini yake: "Ameangalia tu. Sh 5."

Alisoma mara mbili, akapiga hesabu kidogo, akasema atampa mia mbili. Tunaanza Jumatatu.